Mpinzani wa Makala ya Kukata Nusu

Aliyepewa kupinga asitetee. Kanuni hiyo aliitunga Mwalimu Hironimus Tawete mwenyewe, na hakuna aliyemwona akiivunja, hata siku ile ambayo kila aliyekuwa mezani angemsamehe.

Alikuwa mwalimu wa hisabati aliyestaafu, mkazi wa Mjimwema, Songea, mtu mrefu mwenye kutembea kama anayeipima barabara. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa kila mtu, wastaafu wenzake walikuwa wamefungua biashara: huyu kioski, yule mashine ya kukoboa mahindi, mwingine mitumba ya kufuata Makambako. Hironimus hakufungua kitu. Alisema shule za mkoa zina njaa ya vitabu kuliko njaa ya sabuni, na Padre Urbani alipomwita wasaidiane kuandika kamusi elezo ya Kiswahili kwa ajili ya shule za sekondari, alikubali siku hiyohiyo. Kingekuwa kitabu kimoja kikubwa ambamo mwanafunzi angetafuta jambo lolote, aina za udongo, namna sheria inavyotungwa, ugonjwa wa kahawa, akalikuta limeelezwa kwa lugha anayoielewa. Karatasi zilitolewa na wafadhili wa nje. Walizitoa mara moja, wakasema hawatatoa tena.

Habari ilipoenea kwamba kuna kitabu kinaandikwa, watu walianza kubisha hodi. Mwenye mabasi alitaka mabasi yake yaandikiwe makala. Diwani mmoja alimtaka babu yake aingie, na alipoulizwa babu alifanya nini, akajibu kwamba alikuwa babu yake. Ndiyo iliyokuwa tabia ya nyakati zile. Watu walikuwa wameanza kuamini kwamba kila mlango una ndugu nyuma yake, na asiye na ndugu alale nje.

Hironimus aliona kitabu kitaoza kabla ya kuchapwa. Akakumbuka jinsi Kanisa lilivyokuwa likifanya zamani kabla ya kumtangaza mtu kuwa mtakatifu: lilimteua mtu wa kumtafutia kasoro, na mtu huyo alitakiwa azitafute kweli hata kama moyoni alimpenda marehemu. Basi naye akaweka utaratibu. Kila makala iwe na mwandishi na iwe na mpinzani, na upinzani uende kwa zamu. Mpinzani atoe hoja nzito kuliko zote alizo nazo. Mwandishi asimame ajibu. Asipojibu, makala inaanguka, na jambo lake linapewa mistari michache ndani ya makala kubwa zaidi, bila jina la aliyeliandika. Kilichoanguka hakirudi katika chapa ileile.

Kipimo chao kilikuwa swali moja: nyumba lilimozaliwa jambo hili ikibomolewa, lenyewe litabaki limesimama? Likibaki, lipewe mlango wake. Lisipobaki, likae chumbani kwa mwenzake.

Mzee Isidori, aliyekuwa mkaguzi wa shule, ndiye wa kwanza kuangushiwa makala. Aliandika makala juu ya pombe ya ulezi ya kijijini kwao, karibu na Hanga, akashindwa kueleza inatofautiana vipi na ya vijiji vingine. Aliomba irudishwe. Hironimus alikataa.

"Mwalimu, hata Bwana Yesu alimfufua Lazaro," Isidori alisema.

"Lazaro hakuwa na kanuni ya kamati."

Isidori alicheka mpaka akashika mbavu, na jambo likaisha. Lakini kila aliyekuwa pale alijua kwamba tangu siku hiyo Hironimus hangeweza kumrudishia mtu mwingine makala bila kumwonea Isidori.

Sasa Lidwina. Alikuwa binti wa Kimatengo kutoka Mbinga, aliyefundishwa hisabati na Hironimus mwenyewe akiwa kidato cha tatu na cha nne. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi kufanya kazi katika ofisi moja ya mazao mjini, iliyokuwa na kompyuta wakati ofisi nyingi bado zinagonga taipureta. Kisha ofisi zikaanza kupunguza watu. Lidwina aliambiwa kazi yake itakwisha pamoja na mwaka. Palikuwa na chuo kimoja Iringa kilichotafuta mwalimu wa kompyuta, na kilimwambia wazi: tunakutaka, ila tunataka tuone maandishi yako yaliyochapwa kwa jina lako, japo moja. Lidwina hakuwa na hata moja. Padre Urbani ndiye aliyemwambia aandike makala ya kamusi elezo.

Aliandika juu ya njia ya kutafuta kwa kukata nusu. Aliileta rasimu kwa Hironimus ili amsahihishie, wakati ule akiwa bado mchumba wa Thadei, mwana wa Hironimus. Walikaa barazani, wakabishana asubuhi nzima. Lidwina alikuwa mbishi wa kupendeza. Alimsimulia jinsi bomba la maji la mtaa aliopanga, hapohapo Mjimwema, lilivyoziba, na majirani wakawa wanafukua kuanzia kwenye tangi, hatua kwa hatua, mpaka wakachoka. Yeye akawaambia wafukue katikati kwanza. Maji yakionekana pale, tatizo liko chini. Yasipoonekana, liko juu. Kisha wakate tena katikati ya kipande kilichobaki. Walilipata kabla jua halijawa kali.

"Hilo niliandike," Lidwina alisema, "au nisiliandike?"

"Usiliandike," Hironimus alimjibu. "Makala ni fupi. Liweke akiba kwa siku ya kupingwa. Mtu atakuuliza kama jambo hili linaishi nje ya kompyuta. Mpe bomba."

"Nitampa bomba na koleo lake."

Wakacheka wote wawili.

Ndoa ilifungwa baada ya mavuno. Lidwina akawa mkwe. Alikuja kwa wakwe zake mara kwa mara, akapitia mlango wa jikoni, akapiga magoti akimwona Hironimus uani, akanyamaza. Hironimus aliona ni aibu ya bibi harusi. Mkewe, Mama Getruda, alimkumbusha.

"Baba Thadei, kuku wa mtoto?"

"Kuku gani?"

"Unajua kuku gani. Wa kumfungua kinywa."

Katika ukoo wa akina Tawete mkwe wa kike hazungumzi na baba mkwe mpaka baba mkwe amkabidhi kuku kwa mkono wake. Hapo kinywa kimefunguliwa. Hironimus alitabasamu.

"Hayo yalikuwa ya baba zetu. Huyu amesoma kompyuta. Anasubiri kuku wa nini?"

"Mimi nilisubiri kuku wa baba yako miezi."

"Basi ulikuwa mvumilivu," alisema, akarudi kwenye gazeti lake.

Zamu ya kuipinga makala ya Lidwina ilikuwa ya Sista Ekaristia, mwalimu wa baiolojia. Sista akahamishwa kabla ya kikao. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Hironimus. Padre Urbani alimfuata nyumbani.

"Mwalimu, badilishaneni na Isidori. Huyu ni mkweo."

"Nikibadilisha, watasema nimemkimbia ili apite kirahisi."

"Nani atasema?"

"Diwani. Mwenye mabasi. Kila niliyemfungia mlango. Padre, nitampinga mimi, tena kwa nguvu. Mtoto ana jibu. Namjua."

Huo ndio ulikuwa uhakika wake: alijua jibu limewekwa akiba, na alijua lilipowekwa. Alimwona Lidwina wa barazani, yule wa bomba na koleo, akisimama na kumvunja mbele ya watu, na moyo wake ulikuwa tayari umefurahi.

Kikao kilifanyika asubuhi katika ukumbi mdogo wa parokia. Lidwina aliingia amejifunga kitenge juu ya gauni, akapiga goti mlangoni alipomwona Hironimus, akaenda kukaa mwisho wa benchi. Isidori alimnong'oneza jirani yake kwamba kamati imepata heshima, haijawahi kupigiwa goti na mwandishi yeyote.

Hironimus alisimama.

"Mwandishi anatuambia kuna njia ya kutafuta jina moja kati ya majina mengi yaliyokwisha kupangwa kwa alfabeti. Kompyuta haianzi na jina la kwanza. Inafungua katikati, inauliza: ninalolitafuta liko mbele ya hapa au nyuma? Nusu moja inatupwa. Nusu iliyobaki inakatwa tena, na tena, mpaka jina linaonekana. Nimeelewa, na imeandikwa vizuri. Lakini makala ya Kompyuta tunayo tayari. Hili ni tendo la mashine ndani ya tumbo la mashine. Tukilipa mlango wake, kesho kila kitufe kitadai mlango."

"Mwalimu," Isidori alidakia, "hata kamusi mimi naifungua katikati."

Hapo Hironimus alitakiwa kumjibu kama mpinzani, na alimjibu.

"Unaifungua unapokisia, Mzee Isidori. Ukitafuta neno la herufi ya mwisho huanzi katikati, unaanzia karibu na jalada. Kukisia si kukata nusu."

"Basi nimekatwa nusu mimi," Isidori alisema, akaegemea ukuta.

Hironimus alimgeukia Lidwina. Alisema polepole, kila neno likiwa kama jiwe analomwekea avukie mto.

"Kwa hiyo nauliza. Yupo aliyewahi kuiona njia hii ikifanya kazi mahali pasipo na kompyuta? Kompyuta zote zikivunjwa leo, itabaki imesimama? Kama yupo, anitajie mahali, nami nimeshindwa."

Akakaa. Akangoja bomba.

Lidwina alisimama. Macho yake yalikuwa sakafuni. Alishika pindo la kitenge chake, akalikunja, akalikunjua.

"Mwandishi," alisema Padre Urbani, "una jibu?"

Lidwina alitikisa kichwa.

Hironimus alidhani hakuona vizuri. Alisogea mbele ya kiti. Alimtazama yule binti, na hakumwona aliyemfahamu. Padre aliuliza tena, safari hii kwa upole, kama anayemwuliza mgonjwa. Lidwina alitikisa kichwa tena. Padre akamtazama Hironimus.

Jibu lilikuwa kwenye ulimi wa Hironimus. Maneno matano yangetosha: bomba la maji la Mjimwema. Isidori, ambaye hakuwa mjinga, alimwona mwenzake akiinuka nusu kitini na kukaa tena, akamwinamia.

"Mwalimu, kama kuna kitu unakijua, kiseme. Hapa hakuna polisi."

"Aliyepewa kupinga asitetee," alisema Hironimus.

Makala ikaanguka. Njia ya kukata nusu ikapewa mistari mitatu ndani ya makala ya Kompyuta, bila jina la mtu. Lidwina alipiga goti mlangoni, akatoka.

Hironimus alirudi nyumbani kwa miguu, na watu waliomwamkia njiani walisema baadaye kwamba hakuitikia, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alimkuta Mama Getruda uani akipepeta maharage.

"Mkweo amekosa jibu," alisema. Akakaa juu ya kinu kilicholazwa bila kuangalia anakaa juu ya nini. "Alikuwa nalo. Nililisikia mwenyewe hapa barazani. Amesimama kama sanamu."

Mama Getruda aliendelea kupepeta.

"Ulimwuliza wewe?"

"Mimi ndiye niliyekuwa napinga. Angeulizwa na nani mwingine?"

"Ulimpa kuku?"

Hironimus alianza kuokota maharage yaliyoanguka chini.

"Nakuuliza, Baba Thadei. Mtoto umemfunga kinywa mwenyewe, halafu unamsimamisha mbele ya mapadre na kumwambia abishane na wewe. Angebishana na nini?"

"Lakini amesoma."

"Amesoma, ndiyo. Kwani aliyesoma hana wakwe? Nilimfundisha mimi. Nilimwambia, baba mkwe wako akisema neno mbele ya watu, hilo ni neno la nyumba, hulikati. Nilijua kuku atakuja."

Hironimus alibaki amekaa juu ya kinu. Mtu aliyetumia maisha yake kupigania kanuni zifuatwe aligundua kwamba palikuwa na kanuni moja nyumbani kwake, ya zamani kuliko zote alizoandika, na ndiyo hiyo aliyoicheka. Kamati iliheshimu kanuni. Lidwina aliheshimu kanuni. Aliyekosa kuheshimu alikuwa yeye peke yake, na adhabu ilimwangukia mwingine.

Aliinuka, akaingia bandani, akamshika tetea mwekundu aliyekuwa akitaga vizuri kuliko wote.

Lidwina na Thadei walikuwa wamepanga chumba upande wa pili wa Mjimwema. Lidwina alikuwa akifua. Alipomwona baba mkwe akija na kuku kwapani, alifuta mikono, akapiga magoti pale pale kwenye povu. Hironimus alimkabidhi kuku kwa mikono miwili.

"Mwanangu, sema."

Lidwina alimpokea tetea, akamkumbatia kifuani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Bomba lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa mdomoni, Baba."

"Ungemwambia Padre. Usingesema na mimi, ungesema naye."

"Si kinywa tu, Baba." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu harusi. "Nilifikiri unaniambia nisiende Iringa."

Hironimus hakuelewa.

"Kuku hakuja. Nikasema, labda Baba hajanipokea. Kisha nikaambiwa Padre alikuomba ubadilishane na Mzee Isidori, ukakataa. Ukasimama wewe. Ukaiangusha hoja ya Mzee Isidori aliyetaka kunisaidia. Nikasema, basi Baba anasema mbele ya watu kile asichotaka kukisema nyumbani: mke wa mwanangu asiende mbali na mwanangu. Ningekujibu, ningekuwa nagombea kuondoka."

Ukali ambao Hironimus aliuona kuwa haki, mtoto aliusoma kuwa amri. Na kila alichofanya ili asionekane anapendelea kilikuwa kimeuthibitisha usomaji huo.

"Nilikuwa nakuwekea mawe uvuke," alisema.

"Nilidhani unanizungushia ukuta, Baba."

Hironimus alikwenda parokiani bila kupitia nyumbani. Padre Urbani alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Dawa ni rahisi. Kurasa za herufi K hazijaenda kiwandani. Sema neno, niwaite kesho. Hakuna atakayepinga."

"Na Isidori?"

"Isidori atacheka, atakubali."

"Najua atakubali. Ndiyo maana ni vibaya." Hironimus alitikisa kichwa. "Yeye alikuwa na makala, ikaanguka, akaomba, nikamkatalia kwa sababu hakuwa ndugu yangu. Hilo ndilo watakalosema, nami sitakuwa na jibu. Kilichoanguka hakirudi katika chapa ileile. Ataingia chapa ya pili."

"Mwalimu, chapa ya pili ipo?"

"Tutaitafuta."

Padre alivaa miwani yake tena.

Jumapili Lidwina alikuja na Thadei kula chakula cha mchana. Aliingia kwa mlango wa mbele. Hironimus alimweleza alichoamua, na sababu yake, bila kuipaka sukari. Thadei aliinama juu ya sahani. Lidwina ndiye aliyejibu.

"Baba, kanuni hiyo ina kasoro."

"Ipi?"

"Mmeweka mtu wa kupinga, hamkuweka wa kutetea. Mmedhani mwandishi siku zote ataweza kusema. Mwandishi akiwa mgonjwa? Akiwa bubu? Akiwa mkwe? Kipimo chenu kinapima jambo, lakini mnachokisikia ni mdomo wa mtu. Kukata nusu kulikuwa kulekule, niseme nisiseme. Je, kulipungua thamani niliponyamaza?"

Hironimus aliweka tonge chini. Hakuna mtu katika kamati, hata Padre, aliyewahi kuiona kasoro hiyo, na yeye aliyeitunga hakuwahi kuiona. Alielewa kwa mshtuko, akiwa na mikono yenye mchuzi, kwamba kama angemsikia akisema hivi katika ukumbi ule, angeshindwa kabla ya bomba kutajwa.

"Hakukupungua," alisema.

"Basi mliangusha nini?"

Mama Getruda alisema, "Mwache baba yako ale."

"Mwache aseme," alisema Hironimus. "Nimemlipia kuku."

Kikao kilichofuata alipendekeza kwamba kila makala iwe na mtetezi asiye mwandishi. Kamati ilikubali. Makala zilizobaki zilipimwa hivyo, na mbili ambazo zingeanguka zilisimama. Kanuni mpya haikugusa yaliyokwisha kuangushwa. Isidori alimwambia, mbele ya wote, kwamba kwa ajili ya mkwe wake yuko tayari kusahau pombe yake ya ulezi. Hironimus alimshukuru, akakataa.

Kamusi elezo ilichapwa mwaka 1995. Ukiifungua kwenye makala ya Kompyuta utaikuta mistari mitatu juu ya kutafuta kwa kukata nusu. Bei ya karatasi ilipanda mwaka baada ya mwaka, wafadhili wakaenda kwingine, kamati ikavunjika, na chapa ya pili haikutoka. Chuo cha Iringa kilimchukua mtu mwingine. Ofisi ya mazao ilimpunguza Lidwina kama ilivyosema, na yeye na Thadei wakahamia Nakapanya, ambako wanauza vitenge na sabuni kando ya barabara ya Tunduru. Huja Songea wakati wa Krismasi. Lidwina humbishia baba mkwe wake mambo yote, kuanzia siasa mpaka namna ya kukatia mgomba, na hushinda mara nyingi.

Hironimus alifuata kanuni yake yote. Mkwe wake alipoteza kazi aliyoisomea, na hakuipata tena.